Vipigo 121: Uchambuzi wa Msimu wa 2024 wa Chicago White Sox na Uongozi Ulioufikisha Hapo

Usiku wa tarehe 27 Septemba 2024, mjini Detroit, Chicago White Sox walishindwa 4 kwa 1 na Detroit Tigers, na kwa kipigo hicho wakafikisha mechi 121 walizopoteza katika msimu mmoja. Tangu mwaka 1901 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliyowahi kupoteza mechi nyingi kiasi hicho. Rekodi ya awali ilishikiliwa na New York Mets wa mwaka 1962, waliopoteza mechi 120, lakini Mets wale walikuwa timu changa iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza, iliyokusanywa kwa wachezaji ambao timu nyingine zilikuwa radhi kuwaachia. White Sox ni timu iliyokuwamo katika American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu hiyo, nyingine ikiwa National League) tangu ligi hiyo ilipopata hadhi ya kuwa ligi kuu, iliyotwaa ubingwa wa World Series, yaani fainali ya ligi kuu, mwaka 2005, iliyo katika jiji la tatu kwa ukubwa nchini Marekani, na ambayo miaka mitatu tu kabla ya aibu hii ilishinda mechi 93 na kuongoza kundi lake.

Mimi ni shabiki wa timu hii, na ninaandika kwa uchungu wa shabiki. Hata hivyo, uchungu peke yake hauelezi namna timu inavyoporomoka kutoka ushindi 93 hadi ushindi 41. Hoja yangu ni kwamba msimu wa 2024 haukuanza Machi 2024. Ulianza Oktoba 2020, pale mmiliki Jerry Reinsdorf alipomwajiri kocha kwa msingi wa urafiki wa zamani bila kumshindanisha kwa dhati na mtu yeyote, na ukakamilishwa Agosti 2023 aliporudia jambo lile lile katika kumteua meneja mkuu, yaani afisa anayesajili na kubadilishana wachezaji. Mengine yote yaliyotokea, yaani majeraha, kubadilishana wachezaji vibaya na kufukuzwa kwa kocha katikati ya msimu, yalijengwa juu ya msingi huo.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kujua jambo moja kabla hatujaendelea. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30, kila moja hucheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, na hakuna kushuka daraja. Timu inayoburuta mkia hurudi mwaka unaofuata katika ligi ile ile, ikiwa na mgawo ule ule wa fedha za televisheni ya kitaifa. Isitoshe, kwa desturi timu dhaifu hupewa nafasi za mbele katika drafti, yaani zoezi la kila mwaka la kugawana wachezaji chipukizi wanaotoka shule na vyuo. Kwa sababu hiyo timu nyingi zimejifunza mbinu ya kujenga upya: unawaachia nyota wako, unakubali kushindwa kwa miaka kadhaa, unakusanya vijana, kisha unarudi ukiwa na nguvu. Chicago Cubs walifanya hivyo wakawa mabingwa mwaka 2016, na Houston Astros wakafuata mwaka 2017. Mbinu hii haivunji sheria yoyote, lakini inamtaka mmiliki atimize sehemu yake ya makubaliano: shabiki akishavumilia miaka ya njaa, mmiliki naye afungue mfuko wakati wa mavuno na awape kazi watu hodari kuliko wote wanaopatikana.

White Sox waliingia katika mbinu hiyo Desemba 2016. Chris Sale, mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) bora waliyekuwa naye, alipelekwa Boston, na kati ya waliokuja walikuwamo Yoán Moncada na Michael Kopech. Siku iliyofuata Adam Eaton alipelekwa Washington, wakapatikana Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 José Quintana alivuka mji kwenda Cubs, na Eloy Jiménez na Dylan Cease wakaja upande wa kusini wa jiji, kwa White Sox. Kwa mtazamo wowote, makubaliano hayo yalisimamiwa vizuri na meneja mkuu Rick Hahn. Sisi mashabiki tulilipa sehemu yetu: timu ilipoteza mechi 95 mwaka 2017, mechi 100 mwaka 2018 na mechi 89 mwaka 2019, na wengi wetu tuliendelea kuifuata kwa sababu tuliwaona vijana wakikua.

Dalili ya kwanza kwamba mmiliki hatatimiza sehemu yake ilionekana mapema 2019, wakati Manny Machado, mmoja wa wapigaji bora wa kizazi chake, alipokuwa huru kuchagua timu. White Sox walimleta shemeji yake, Yonder Alonso, na rafiki yake, Jon Jay, kwa matumaini ya kumvutia. Machado alikwenda San Diego kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 300, mkataba ambao kiasi chake cha uhakika kilizidi kwa mbali kile ambacho Chicago ilikuwa tayari kumhakikishia. Naona tukio hilo dogo linafichua tabia nzima ya klabu hii, kwamba inaamini undugu na urafiki vinaweza kushika nafasi ya fedha na ushindani.

Hata hivyo mwaka 2020 ulikuwa mzuri. Katika msimu uliofupishwa hadi mechi 60 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO, White Sox walishinda mechi 35, José Abreu akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa American League, na timu ikaingia mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2008. Waliondolewa na Oakland kwa mechi mbili kwa moja. Katika mechi ya tatu kocha Rick Renteria aliwatumia warushaji tisa, wengi kupita kawaida, na tarehe 12 Oktoba akaachishwa kazi. Uamuzi huo unaweza kutetewa, kwa kuwa kocha anayefaa kuwalea vijana si lazima awe ndiye anayefaa kuwavusha hadi ubingwa. Hahn aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mtu anayefaa kuchukua nafasi hiyo ni yule aliyekuwa, katika miaka ya karibuni, ndani ya klabu iliyoshinda ubingwa.

Siku 17 baadaye timu ilimtangaza Tony La Russa. Sina nia ya kumpunguzia heshima La Russa kwa kazi aliyoifanya maishani mwake. Alitwaa ubingwa akiwa na Oakland mwaka 1989 na akiwa na St. Louis mwaka 2006 na 2011, na jina lake limo katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Lakini alikuwa na umri wa miaka 76, hakuwa amekaa kwenye benchi kama kocha tangu alipostaafu mwaka 2011, na mchezo ulikuwa umebadilika sana katika miaka hiyo tisa, hasa katika matumizi ya takwimu kupanga wapigaji na kubadilisha warushaji. Sababu ya kuajiriwa kwake ilikuwa inajulikana na kila mtu mjini Chicago. La Russa alikuwa kocha wa White Sox kuanzia 1979 hadi alipofukuzwa mwaka 1986, na Reinsdorf, aliyeinunua timu mwaka 1981, kwa miongo mingi aliyataja majuto yake ya kuruhusu kufukuzwa kule. Mwaka 2020 alipata nafasi ya kulipa deni la moyo wake, akalilipa kwa kutumia timu ambayo wengine walikuwa wamehangaika miaka minne kuijenga.

Wakati ule ule A.J. Hinch, aliyekuwa ameiongoza Houston kutwaa ubingwa wa 2017, alikuwa anamaliza adhabu ya mwaka mmoja aliyopewa kwa kashfa ya timu hiyo ya kuiba ishara za wapinzani. Ninakiri kwamba kumwajiri mtu aliyetoka katika kashfa hiyo kungezua ubishi mkubwa, na ubishi huo ungekuwa na haki yake. Lakini alikuwa kocha wa kisasa, na jina lake lilikuwa midomoni mwa waandishi tangu Renteria aondoke. Detroit walimchukua siku moja tu baada ya White Sox kumtangaza La Russa. Katika ule usiku wa Septemba 2024 ambapo White Sox walipoteza mechi ya 121, Hinch ndiye aliyekuwa kwenye benchi la wapinzani, na kwa ushindi huo huo Tigers walijihakikishia nafasi katika mtoano, ya kwanza kwao tangu 2014. Sidai kwamba Hinch angetupa ubingwa. Ninachodai ni kwamba klabu inayochagua kwa kushindanisha watu ingekaa naye mezani kwa dhati kabla ya kuamua.

Watetezi wa La Russa husema, na kwa sehemu wana haki, kwamba mwaka 2021 timu ilishinda mechi 93 ingawa Jiménez alikosa miezi minne kwa jeraha la kifua na Luis Robert akakosa zaidi ya miezi mitatu kwa jeraha la nyonga. Lakini kundi la kati la American League mwaka ule lilikuwa dhaifu. White Sox walikuwa timu pekee ndani yake iliyoshinda zaidi ya mechi 80. Walipokutana na Houston katika mtoano walipigwa 6 kwa 1, wakapigwa 9 kwa 4, wakashinda 12 kwa 6, kisha wakapigwa 10 kwa 1 mbele ya mashabiki wao. Ule ulikuwa mtihani halisi, nao ulionyesha kwamba pengo kati yetu na timu kubwa lilikuwa pana.

Hata ndani ya mwaka ule wa mafanikio kulikuwa na nyufa. Mwezi Mei, timu ikiwa inaongoza 15 kwa 4 dhidi ya Minnesota, chipukizi Yermín Mercedes aliupiga nje ya uwanja, mpigo unaoleta pointi moja kwa moja, mpira wa taratibu uliorushwa na mchezaji ambaye kwa kawaida si mrushaji. La Russa alimkosoa hadharani kwa kutoheshimu mila za mchezo, na Minnesota walipomrushia Mercedes mpira nyuma ya mwili wake siku iliyofuata kama kisasi, kocha alisema haoni tatizo. Kocha aliyemuacha mchezaji wake peke yake mbele ya wapinzani asishangae siku ambayo chumba cha wachezaji kitakosa umoja. Tarehe 9 Juni 2022, dhidi ya Los Angeles Dodgers, aliamuru Trea Turner aruhusiwe kwenda beisi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha mkimbiaji, bila kurushiwa zaidi, ingawa Turner alikuwa amebakiza straiki (kosa la mpigaji; tatu humtoa) moja tu atolewe. Mpigaji aliyefuata, Max Muncy, aliupiga mpira nje ya uwanja na kuingiza pointi tatu, na White Sox wakashindwa 11 kwa 9. Uamuzi wa namna hiyo hauna utetezi katika kitabu cha zamani wala cha sasa. Mwishoni mwa Agosti La Russa aliondoka kwa sababu za kiafya, ambazo bila shaka zilistahili heshima, na timu iliyotarajiwa kutwaa ubingwa wa kundi ikamaliza na ushindi 81 na vipigo 81, nyuma ya Cleveland ambao kwa mishahara walitumia fedha kidogo sana kuliko sisi.

Makosa ya Hahn nayo yana uzito wake, na si haki kumtwika mmiliki kila kitu. Kwa miaka kadhaa klabu ilishindwa kupata mchezaji anayestahili wa upande wa kulia wa uwanja, ikajaribu mmoja baada ya mwingine, na ikafikia hatua ya kumpeleka Andrew Vaughn, ambaye asili yake ni beisi ya kwanza, akimbizane na mipira ya mbali. Julai 2021 ilimtoa Nick Madrigal, aliyechukuliwa wa nne katika drafti ya 2018, pamoja na mrushaji Codi Heuer, ili kumpata Craig Kimbrel kutoka Cubs, wakati tayari ilikuwa na Liam Hendriks wa kufunga mechi, yaani kurusha mwishoni ili kulinda uongozi. Kimbrel alirusha vibaya, na kabla ya msimu uliofuata akapelekwa Dodgers. Jambo zito zaidi ni kwamba nyuma ya nyota wale wachache hapakuwa na akiba. Katika mchezo wa mechi 162, timu huishi kwa wachezaji wa thelathini na wa thelathini na tano kwenye orodha, wale wanaopandishwa kutoka ligi ndogo mwezi Juni pale nyota anapoumia, na White Sox hawakuwa nao. Waliwasaini Moncada, Jiménez na Robert kwa mikataba mirefu mapema, hatua iliyosifiwa, kisha wakaendesha mambo kana kwamba watatu hao hawataumia kamwe. Robert alicheza mechi 68 mwaka 2021 na 98 mwaka 2022. Moncada alicheza mechi 12 tu mwaka 2024.

Mfuko nao haukufunguka. Hadi mwisho wa msimu wa 2025, mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu hii ulikuwa ule wa Andrew Benintendi, uliokubaliwa Desemba 2022, wa dola milioni 75 kwa miaka 5, na katika mwaka wake wa kwanza aliupiga mpira nje ya uwanja mara 5 tu. Msimu wa 2024 ulipoanza, ni White Sox na Oakland pekee kati ya timu zote 30 ambazo hazikuwahi kumpa mchezaji mkataba wa dola milioni 100. Oakland walikuwa timu inayojiandaa kuhama mji. White Sox wako Chicago.

Mwaka 2023 kocha mpya, Pedro Grifol, aliyetoka Kansas City ambako alikuwa msaidizi, aliongoza timu iliyopoteza mechi 101. Baada ya mrushaji Keynan Middleton kupelekwa New York Yankees, mrushaji huyo alisema wazi kwamba ndani ya chumba cha wachezaji hapakuwa na sheria wala adabu ya kazi. Tarehe 22 Agosti Reinsdorf aliwafukuza Hahn na Ken Williams, yule yule Williams aliyejenga timu ya ubingwa wa 2005. Kwa wengi wetu ile ilikuwa siku ya matumaini, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 20 klabu ingeweza kutafuta uongozi nje ya kuta zake: katika Tampa Bay, Cleveland, Los Angeles au Baltimore, mahali ambapo watu wanajua kutengeneza wachezaji. Matumaini hayo yalidumu siku tisa. Tarehe 31 Agosti Chris Getz, aliyekuwa msaidizi wa Hahn, alitangazwa kuwa meneja mkuu, na Reinsdorf akaeleza kwamba mtu wa nje angehitaji mwaka mzima kuielewa klabu, ilhali yeye alitaka timu ipate nafuu haraka.

Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, kubwa hata kuliko la La Russa, kwa sababu mwaka 2020 mmiliki angeweza kusema hakujua, lakini mwaka 2023 alikuwa ameshaona. Getz alikuwa msimamizi wa maendeleo ya wachezaji tangu mwishoni mwa 2016. Idara iliyoshindwa kuzalisha akiba, ambayo ukosefu wake uliizamisha timu, ndiyo iliyompa cheo. Simhukumu Getz kama mtu. Aliwaleta wasaidizi kutoka nje, na alisema mapema, kwa uwazi ambao haukuzoeleka katika klabu hiyo, kwamba hakuipenda timu aliyorithi. Huenda angeibuka mshindi hata katika mchakato wa wazi. Lakini mchakato haukuwapo, kwa hiyo hakuna ajuaye, na mwaka ambao mmiliki alisema hakutaka kuupoteza ukageuka kuwa mwaka wa vipigo 121.

Msimu wenyewe nitaupitia kwa ufupi, kwa kuwa matokeo yake yanajieleza. Cease aliuzwa San Diego mwezi Machi, wiki chache kabla ya mechi ya kwanza, na Julai akaandika historia huko kwa kumaliza mechi nzima bila kumruhusu mpinzani hata mpigo mmoja salama. Mechi ya ufunguzi ilirushwa na Garrett Crochet, ambaye hakuwahi kuanza mechi ya ligi kuu maishani mwake. Alirusha vizuri sana, na timu ikashindwa 1 kwa 0. Baada ya mechi 25 walikuwa wameshinda 3. Mwishoni mwa Mei ulianza mfululizo wa vipigo 14, na kuanzia tarehe 10 Julai ukaja mwingine wa vipigo 21, uliolingana na rekodi ya American League ya Baltimore Orioles wa 1988, hadi ulipokatika Oakland tarehe 6 Agosti. Siku mbili baadaye Grifol alifukuzwa akiwa na ushindi 28 na vipigo 89, na Grady Sizemore akashika nafasi kwa muda. Mwisho wa msimu walikuwa wamepata pointi 507 na kuruhusu 813. Mdakaji Martín Maldonado, aliyesajiliwa ili awe nguzo ya ulinzi na mlezi wa warushaji, alipiga kwa wastani wa 0.119, yaani karibu mipigo salama 12 katika kila majaribio 100, kabla ya kuachwa.

Kumfukuza Grifol lilikuwa jambo lisiloepukika, lakini sikubaliani na wale waliolichukua kama hukumu. Sizemore, mtu aliyependwa na wachezaji, alimaliza na ushindi 13 na vipigo 32. Hesabu iliboreka kidogo, lakini timu ilibaki ile ile, kwa sababu hakuna kocha anayeweza kupanga orodha ya wapigaji kutokana na wapigaji ambao hakupewa. Katika mechi za mwisho za nyumbani mashabiki waliimba kumtaka Reinsdorf aiuze timu. Nao, kwa maoni yangu, walielekeza lawama mahali pake.

Kuna wanaosema kwamba yote haya ni bahati mbaya ya majeraha na mzunguko wa kawaida wa timu kupanda na kushuka. Hoja hiyo inajibiwa na Kansas City Royals, majirani zetu katika kundi lile lile, ambao mwaka 2023 walipoteza mechi 106, tano zaidi yetu. Mji wao ni mdogo mno ukilinganishwa na Chicago. Katika miezi iliyofuata walimpa kijana wao Bobby Witt Jr. mkataba wa miaka 11 wenye thamani ya dola milioni 288.8, wakawasajili warushaji Seth Lugo na Michael Wacha, na mwaka 2024 wakashinda mechi 86 na kuingia mtoano. Dhidi ya White Sox walishinda mechi 12 kati ya 13. Timu mbili zilianza mwaka zikiwa katika shimo la kina kinachokaribiana, moja ikapanda na nyingine ikachimba zaidi, na tofauti iliyokuwa kati yao ilikuwa maamuzi ya ofisini.

Inauma zaidi kuangalia walikoishia waliouzwa. Sale, yule wa Desemba 2016, alitwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa National League akiwa Atlanta mwaka huo huo wa 2024. Kopech alipelekwa Dodgers mwezi Julai na kufikia Oktoba alikuwa bingwa wa World Series. Katika makubaliano hayo hayo Erick Fedde, ambaye kumsajili kutoka Korea Kusini kulikuwa ndiko kazi nzuri kuliko zote za Getz katika mwaka wake wa kwanza, alikwenda St. Louis, na Miguel Vargas aliyekuja akapiga kwa wastani wa 0.104 hadi msimu ulipokwisha, ingawa mwaka uliofuata alijirekebisha kwa kiasi cha kutia moyo.

Fidia ya drafti nayo ilikosekana. Kanuni za sasa huzizuia timu za miji mikubwa kupata nafasi za mbele za drafti, ambazo hupangwa kwa bahati nasibu, miaka miwili mfululizo, na kwa kuwa White Sox walikuwa wameipata mwaka uliotangulia, timu iliyopoteza mechi 121 haikuweza kuchagua mapema kuliko nafasi ya 10 mwaka 2025. Kanuni hiyo iliwekwa ili kuzuia timu zisipoteze makusudi, nami naiunga mkono hata iliponiumiza. Mpango wa kujenga upya unaotegemea drafti bila kuisoma kanuni ya drafti ni mpango mbovu.

Desemba 2024 Crochet aliuzwa Boston, wakaja Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez. Niliupinga uuzaji huo wakati ule, kwa kuwa Crochet alikuwa amewatoa wapigaji 209 kwa straiki katika mizunguko 146, na bado nauona kuwa ungamo la mmiliki kwamba hakuwa tayari kumlipa; Boston walimpa dola milioni 170 kwa miaka 6. Lakini Teel na Meidroth walifika ligi kuu mwaka 2025 wakaonyesha kwamba wana nafasi yao, na chini ya kocha mpya Will Venable, aliyetafutwa nje ya klabu, timu ilishinda mechi 60. Bado ni msimu wa tatu mfululizo wa vipigo zaidi ya 100, hata kama ushindi umeongezeka kwa 19.

Juni 2025 klabu ilitangaza makubaliano yanayompa mwekezaji Justin Ishbia njia ya kuichukua timu: kati ya 2029 na 2033 Reinsdorf ana hiari ya kumuuzia, na baada ya hapo Ishbia ndiye mwenye hiari ya kununua. Mashabiki wengi waliishangilia habari hiyo, lakini mimi naisoma tarehe yake. Kama Reinsdorf, ambaye alikuwa na umri wa miaka 89 makubaliano yalipotangazwa, hatauza mapema, Teel, Meidroth na kijana mwenzao Colson Montgomery watakuwa wamefikia haki ya kuwa wachezaji huru chini ya mmiliki yule yule, ambaye hadi mwisho wa msimu wa 2025 alikuwa hajawahi kusaini kwa klabu hii mkataba unaozidi ule wa dola milioni 75. Kwa hiyo kipimo nitakachotumia hakihitaji kusubiri 2029. Nitaangalia kama mmoja wa vijana hao atapewa mkataba mrefu unaovuka kiwango hicho, na siku nafasi yoyote kubwa ya uongozi itakapokuwa wazi, kama watu watatu au wanne kutoka klabu nyingine watahojiwa kwa dhati kabla jina halijatangazwa.